Chumvi ya Majivu: Tunamkumbuka Jotham Khisa, Mnoa Misumeno wa Elburgon

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Molo na Elburgon, Njoro, Nakuru mjini, hadi kule Karagita kwa watu wa maua, hamjambo. Mimi ni Chesang. Kama uko jikoni, usitoke. Ongeza sauti tu, uendelee kuchambua mboga zako, maana habari ya leo ni ya jikoni.

Leo tunamkumbuka Jotham Khisa. Jotham Khisa, mnoa misumeno wa Elburgon. Amefariki akiwa na miaka hamsini na sita. Figo zake zilikuwa zimechoka, na presha yake ilikuwa juu kwa muda mrefu, lakini si presha iliyomwondoa. Hilo nalisema mapema ili tusipotezane njiani. Presha ilikuwa imeshuka. Ilishuka vizuri sana, na aliyeishusha ni mke wake, Truphosa Nerima, kwa mikono yake, kwenye sufuria yake. Na kilichomuua Khisa kilitoka katika sufuria hiyo hiyo.

Nerima ndiye aliyetuita nyumbani kwake. Ndiye aliyesema tusimung'unye maneno. Basi hatutayamung'unya.

Khisa alizaliwa hapa Nakuru, katika nyumba za reli, baba yake akiwa fundi wa reli aliyetoka Kimilili. Aliingia kiwanda cha mbao Elburgon akiwa kijana, akafundishwa kunoa ile misumeno mikubwa ya kupasua magogo. Kazi hiyo inataka sikio. Khisa angekaa nje na kikombe chake cha chai, asikie msumeno ukilia vibaya ndani, ainuke aseme, "Zimeni huo kabla haujavunjika." Cha kusikitisha ni kwamba kelele hizo hizo zilimmaliza masikio. Nyumbani ilibidi mtu apaze sauti. Nerima anacheka kidogo akikumbuka: "Mapenzi yetu jirani wote walikuwa wanayasikia. Ningefanyaje na bwana hasikii?" Kanisani Khisa aliimba besi, na waliomjua wanasema besi yake ilikuwa inafika hadi barabarani.

Na alipenda chumvi. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Khisa alitia chumvi kabla ya kuonja. Mfukoni mwa koti lake la kazi kulikuwa na chumvi iliyofungwa kwenye nailoni, ya kulia mahindi ya kuchoma. Alisema mtu anayetoka jasho lazima arudishe chumvi mwilini. Wenzake kiwandani walimtania, "Khisa, tukununulie ile ya ng'ombe ya kulamba?" Naye aliwajibu, "Leteni, lakini iwe kubwa."

Mwaka mmoja kanisa lilileta wauguzi wapime watu presha bila malipo. Khisa alipita nyuma ya kanisa, akaenda zake. "Presha ni ya watu wa kukaa ofisini," alimwambia mke wake. "Yangu inaishia kwa gogo." Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Khisa hakuyaficha kwa sababu hakuyajua. Yeye aliyakimbia kabla hajatambulishwa, na mimi nasema huko nako ni kuficha. Tuko wengi wa namna hiyo, hasa wanaume wa huku juu.

Mwili ukaanza kusema. Asubuhi anaamka uso umevimba chini ya macho. Jioni viatu havivuliki. Mkojo unatoka na povu la kama sabuni. Nerima akamwambia twende hospitali. Akajibiwa kwamba ni baridi ya Elburgon. Baridi ya Elburgon imesingiziwa mengi, ndugu zangu.

Siku alipotokwa na damu puani kiwandani, ikakataa kukauka, ndipo wenzake walipombeba hadi kliniki. Hapo alikuwepo mhudumu anayeitwa Kipngeno, ambaye watu wote humwita daktari. Kipngeno alimpima presha, akampima tena akidhani mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima. Majibu ya damu yalipotoka, akamwita Nerima akae karibu na mumewe, ili amsaidie kupaza sauti.

"Mzee, hii presha yako na hizi figo zako zinapigana," Kipngeno alisema.

Nerima akarudia kwa sauti ya juu. Khisa akauliza, "Nani alianza?"

"Hiyo sijui. Mwenye anaumia ndiye namjua."

Kisha akawaeleza, na Nerima ametupa maneno yake karibu yote, kwa sababu alikuwa akiyarudia kwa kelele kadiri yalivyotoka. "Watu hufikiri figo ni za kutoa mkojo peke yake. Figo pia zinatuma ujumbe. Zinatoa homoni, inaingia kwa damu. Sasa figo ikiumia, damu haipiti ndani yake vile inafaa, inafikiri mwili umeishiwa maji. Ni kama soja mwoga. Anapiga filimbi na hakuna mwizi. Hiyo filimbi ndiyo homoni. Mishipa ya damu ikisikia, inajibana. Juu ya figo kuna tezi ndogo, nayo ikisikia inatoa homoni yake, inasema chumvi isitoke, maji yasitoke. Presha inapanda. Ikipanda, inaipiga figo. Figo ikipigwa, inapuliza filimbi tena."

"Na inaishia wapi?" Nerima aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake mwenyewe.

"Inaishia kwa mashine ya kusafisha damu, mama, ama mbaya kuliko hiyo. Lakini hatujafika huko. Hata huu uchovu wake ni figo, kwa sababu figo ndizo hutuma homoni ya kuambia mwili utengeneze damu. Tukishusha presha, hizo figo zimebaki zinaweza kumbeba miaka."

Miaka. Nerima alitoka pale na neno hilo. Miaka ndiyo aliyoitafuta.

Kipngeno alimpa Khisa dawa ya kuinyamazisha ile filimbi, akampa na masharti. Chumvi iachwe. Ndizi na parachichi zipunguzwe sana, kwa sababu zina kitu kinachoitwa potasiamu. "Ile homoni ya tezi ilikuwa na kazi moja nzuri," alisema. "Kutoa potasiamu kwa mkojo. Dawa ikiifunga, na figo zenyewe ni dhaifu, potasiamu inabaki kwa damu. Ikizidi, moyo unasimama. Kwa hivyo mrudi nipime damu. Presha nitaiona kwa mkono, lakini potasiamu haionekani bila damu."

Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu kila kitu kinaning'inia hapo. Chumvi iachwe. Potasiamu ipunguzwe. Damu ipimwe.

Nerima alifika nyumbani akatoa kila chembe ya chumvi, akampa jirani. Mwanamke wa kuuza ndizi alipopita mlangoni, akamwambia apitilize, nyumba hii haina mlaji. Lile koti la kazi akaligeuza mifuko nje, akalikung'uta. Khisa akanung'unika kama mtoto aliyenyang'anywa sukari.

Shida ikawa chakula. Khisa alionja kunde zisizo na chumvi, akaweka kijiko chini. "Hii ni dawa ama ni chakula?" Siku ya kwanza wakacheka. Baadaye haikuchekesha. Sahani ilikuwa inarudi jikoni vile ilivyokwenda. Mashavu yakaingia ndani. Nerima akaanza kuogopa kwamba atamwokoa mtu na presha ili amuue kwa njaa.

Akampigia simu mama mkwe wake, Mama Rasoa, ambaye baada ya kufiwa na mumewe alirudi kuishi Kimilili. Ni mama wa zaidi ya miaka themanini, bado analima bustani yake. Mama Rasoa hakufikiri hata kidogo. "Mbaya ni hiyo ya duka," alisema. "Sisi tulikula musherekha na presha hatukuijua. Nakutumia."

Kwa ambaye hajui musherekha, ni chumvi ya kienyeji. Unachoma maganda ya maharagwe makavu, au ya ndizi, yakawa majivu. Majivu unayatia kwenye mkebe wenye matundu chini, unamimina maji polepole, na yanayochuruzika ndiyo hayo, rangi ya chai ya mkandaa. Kijiko kikiingia kwenye kunde au mrenda, mboga hulainika, huteleza, hupata ladha ya nyumbani. Watu wa magharibi wamepika hivyo tangu zamani. Na nani atasema kitu cha kienyeji kina ubaya? Hata sisi wa redio tunaimba kila siku: rudini kwa vyakula vya kienyeji.

Jerikeni ilifika kwa basi. Khisa akala. Alikula akafuta sahani kwa ugali, akanywa na mchuzi uliobaki. Nerima anasema alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha. Kuanzia hapo akaitia kwenye mboga, akaitia kwenye maharagwe, na Khisa alipotaka ladha zaidi, akaongeza. Alikuwa hamnyimi. Kwa nini amnyime, na hiyo si chumvi?

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la mtu anayependa. Kile kinachokwaruza ulimi katika musherekha ni potasiamu, kwa wingi. Mmea huivuta kutoka ardhini, moto unachoma vingine vyote, yenyewe inabaki kwenye majivu. Nerima alikuwa ameifukuza ndizi mezani. Ndizi ilirudi kupitia majivu ya maganda yake, ndani ya jerikeni, kutoka kwa mama mzazi.

Na presha ikashuka! Hilo ndilo linaloniuma mimi. Walikwenda kliniki, Kipngeno akapima, akatabasamu. "Mama, chumvi mmeacha?"

"Tumeacha kabisa," Nerima alijibu, na hakuwa anadanganya. Katika akili yake hiyo ndiyo kweli yote. Kipngeno hakujua cha kuuliza zaidi. Kwao Bomet hawapiki kwa musherekha.

"Na damu, mzee? Tutoe leo."

"Damu ya nini tena, na presha imeshuka?" Khisa alikuwa na misumeno inayomngoja. Akasema atarudi. Kipngeno akamsisitizia mlangoni, akamsisitizia tena kwa simu, na kila mara jibu lilikuwa ni wiki ijayo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Khisa alichukua tupa yake ya kunolea, ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Akakaa juu ya gogo, akawaambia wenzake, "Miguu imekataa." Hakuwa na maumivu. Hakuhema. Alikuwa kama mtu aliyechoshwa na kazi ambayo hajaianza. Wakamtia kwenye pikapu ya kiwanda, wakampitia Nerima, wakashika barabara ya Njoro kuja Nakuru. Njiani Nerima alimshika kifundo cha mkono. Anasema mapigo yalikuwa yanakuja mbali mbali, na kila moja likipita alikuwa anajiuliza kama kuna jingine.

Hospitalini walipokewa na daktari anayeitwa Chelangat. Aliangalia mchoro wa moyo, akaamuru sindano hata kabla ya majibu ya damu. Majibu yalipokuja, potasiamu ilikuwa imepita kiasi ambacho moyo hukivumilia. Akamgeukia Nerima huku wenzake wakiendelea na kazi.

"Mama, huyu amekuwa akila nini?"

"Mboga tu, daktari. Ugali na mboga. Bila chumvi."

"Bila chumvi yoyote?"

"Bila chumvi ya duka."

Daktari Chelangat akauliza, "Ya duka? Kwani mna ingine?"

Nerima akaeleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya juu aliyozoea kwa sababu ya mumewe, hata wagonjwa wengine wakageuka. Maganda. Majivu. Mkebe. Alipofika kwenye maganda ya ndizi, akanyamaza mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Alisikia kinywa chake kikisema ndizi, akajua.

Moyo wa Khisa ulisimama kabla ya adhuhuri. Walijaribu kuuamsha, ukarudi kidogo, ukasimama tena. Jotham Khisa, mnoa misumeno wa Elburgon, akatuacha.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mngedhani habari imekwisha. Haikuisha. Aliyekufa alikuwa na mama, na huyo mama ndiye aliyechuja yale majivu.

Ndugu mdogo wa marehemu anaitwa Sikuku. Ni mtu mwema, nasema bila unafiki. Alimwita Nerima pembeni wakipanga mazishi. "Shemeji, tutatangaza ameugua kwa muda mfupi. Inatosha. Mama asijue. Mama ana presha. Ukimwambia hayo, tutazika wawili."

Nerima akauliza, "Presha yake anameza dawa gani?"

Sikuku hakujua. Nerima alijua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimtumia Mama Rasoa hela za dawa. Ni zile zile alizokuwa akimeza Khisa. Na Mama Rasoa, wa miaka themanini na zaidi, hajawahi kupimwa figo hata siku moja, na mboga zake anazipika kwa musherekha asubuhi na jioni.

Hebu jiwekeni katika viatu vya Nerima. Akinyamaza, mama mkwe atazika mwanawe kwa amani, na huenda akamfuata kwa sufuria ile ile. Akisema, anamwambia mzazi kwamba mkono wake ndio uliomwua mtoto wake. Watoto wa Khisa wataitaje nyumba hiyo nyumbani tena? Nerima alibeba hilo kutoka Nakuru hadi Kimilili. Alilibeba kaburini. Waombolezaji walimwona hali chakula, wakasema ni uchungu. Ulikuwa uchungu, na ulikuwa pia woga.

Siku ya tatu baada ya mazishi, familia iliponyolewa nywele kama ilivyo desturi ya kwao, Mama Rasoa aliingia jikoni na kichwa chake kipya, kidogo, kama cha mtoto. Kulikuwa na wageni bado. Alikuwa amebandika kunde. Akainamisha jerikeni juu ya sufuria.

Nerima akamshika mkono. "Mama, usitie."

"Wageni wale mboga ngumu?"

"Mama, hiyo ndiyo ilimuua Khisa."

Binti ya Nerima, Nangila, anayefanya kazi ya maua Naivasha, alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Ametuambia kwamba kukhu yake, yaani nyanya yake, hakupiga kelele. Aliiweka jerikeni chini taratibu, kana kwamba ina moto. Akasema, "Nilimlea kwa hii. Alinyonya, akaachishwa, akala hii."

"Wakati huo figo zake zilikuwa nzima, mama."

"Na mbona unaniambia?"

"Kwa sababu na wewe unameza hizo dawa."

Mama Rasoa akasema, "Ungeniacha nimfuate."

Akatoka. Kunde ziliungua.

Nangila alikaa Kimilili, hakurudi kazini mpaka kukhu yake alipokubali kutolewa damu. Figo zilipatikana ni dhaifu. Potasiamu ilikuwa imeanza kupanda. Madaktari wamembadilishia dawa, na jerikeni imetolewa jikoni. Mama Rasoa yuko hai leo. Lakini tangu siku ile hajamsemesha Nerima. Simu yake haipokei. Nerima akitaka kujua kama amekula, anamuuliza Nangila.

Sikuku, ndugu yangu, ulitupigia ukaomba tusitangaze. Tumekusikia, na hatukulaumu. Ulitaka kumlinda mama yako kwa kunyamaza. Lakini huku kwetu tumezika wengi sana kwa maneno "baada ya kuugua kwa muda mfupi", tukarudi nyumbani tukapika vile vile.

Wala sisemi musherekha ni sumu. Mwenye figo nzima mwili wake huitoa potasiamu, na bibi zetu waliishi. Sisemi mtu aache dawa zake za presha. Ukiziacha bila kuambiwa, soja ataanza filimbi yake upya. Nasema hivi: kama presha yako iko juu, figo nazo zipimwe. Kama figo zako ni dhaifu, usibadilishe chumvi moja kwa nyingine bila kuuliza, iwe ya majivu au ile ya dukani inayouzwa kama chumvi ya wagonjwa, maana nayo mara nyingi ni potasiamu. Mtajie mhudumu kila kinachoingia sufuriani, hata kile unachodhani hakihesabiwi. Na ukiambiwa urudi kutolewa damu, rudi. Kuuliza si ujinga, na kurudi kliniki si uoga.

Kwa Truphosa Nerima, kwa Nangila na ndugu zake, kwa Sikuku, kwa wanakwaya na watu wa kiwanda cha mbao Elburgon, poleni sana. Mungu awape nguvu ambazo sisi hatuwezi kuwapa. Na kwako Mama Rasoa, kule Kimilili, pole mama. Pole kwa mwanao. Najua unatusikiliza, kwa sababu Nangila ameniambia hukosi kipindi hiki.

Nilimuuliza Nerima kuhusu hilo kabla sijaondoka kwake. Nikamwambia, mama mkwe wako atasikia haya yote, na atajua ni wewe uliyeyasema, na huenda asikusamehe milele. Nerima alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Asikie," alisema. "Anichukie akiwa hai."